Softiboli ya wanawake Marekani: Mashabiki wapo, fedha zapita kando

KATIKA muda wa siku mbili pekee, Juni 6 na 7, 2025, softiboli ya wanawake nchini Marekani ilidhihirisha utajiri wake na umaskini wake kwa pamoja.

Usiku wa Juni 6, Chuo Kikuu cha Texas kiliilaza Texas Tech mabao 10-4 katika mchezo wa tatu na wa mwisho wa fainali ya vyuo jijini Oklahoma City, na kutwaa ubingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Fainali hizo zilitazamwa kwenye runinga na wastani wa zaidi ya watu milioni mbili kwa kila mchezo, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa katika softiboli ya vyuo.

Siku iyo hiyo, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho huko California aliidhinisha maafikiano yanayovipa vyuo vikuu ruhusa ya kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi jumla ya dola milioni 20.5 (Sh2.6 bilioni) kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Kesho yake, Juni 7, ligi mpya ya wachezaji wa kulipwa ya Athletes Unlimited Softball League, AUSL, ilifungua msimu wake wa kwanza katika miji ya Rosemont, Illinois, na Wichita, Kansas. Wachezaji wake walikuwa miongoni mwa walio bora zaidi duniani, wengi wao wakiwa wamewahi kuvalia jezi ya timu ya taifa. Mshahara wao wa wastani kwa msimu ulikuwa dola 45,000 (Sh5.8 milioni).

Msomaji anaweza kudhani kwamba hicho si kiasi cha kudharauliwa. Hata hivyo, mrushaji nyota wa Texas Tech, NiJaree Canady, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi, alikuwa amelipwa dola 1,050,024 (Sh135 milioni) kwa mwaka mmoja ili ahame kutoka Chuo Kikuu cha Stanford. Fedha hizo zilitolewa na kundi la wafadhili wa chuo hicho kipya chini ya kanuni zilizoanza kutumika 2021, zinazowaruhusu wanafunzi kufaidika kibiashara kutokana na majina na sura zao. Kabla ya fainali kumalizika, iliripotiwa kwamba alikuwa ameongezewa mkataba wa mwaka mwingine wenye thamani ya dola milioni 1.2.

Kwa hesabu ya kawaida, mwanafunzi alikuwa akipata zaidi ya mara 23 ya mshahara wa wastani wa mchezaji aliyehitimu na kuifanya softiboli kuwa kazi yake. Katika michezo mingine, chuo ni ngazi ya kupandia kuelekea kwenye utajiri. Katika softiboli ya wanawake, kuhitimu kumekuwa sawa na kushuka ngazi.

Kinaya hiki ndicho kiini cha swali ambalo limewasumbua wasimamizi wa mchezo huu kwa takriban nusu karne: Inawezekanaje mchezo wenye watazamaji mamilioni ukashindwa kuwalipa wanaoucheza?

Jibu rahisi limekuwa kwamba watu hawapendi michezo ya wanawake. Jibu hilo halina mashiko tena, kwani takwimu za runinga zimelikanusha. Jibu lililo karibu na ukweli ni kwamba fedha za softiboli zipo, ila zimechimbiwa mkondo unaopita vyuoni na kuishia huko. Ligi za kulipwa zimekuwa zikijengwa kando ya mto bila kufikiwa na maji.

Ili kuelewa hali hii, yafaa kurejelea historia. Ligi ya kwanza ya kulipwa ilianza 1976 kwa juhudi za bingwa wa tenisi Billie Jean King, mrushaji mashuhuri Joan Joyce na mfanyabiashara Dennis Murphy. Ilikuwa na timu 10 na ratiba ndefu yenye kuchosha, huku wachezaji wakilipwa kati ya dola 1,000 na 3,000 kwa mwaka. Connecticut Falcons, timu ya Joyce, ilitwaa ubingwa katika misimu yote minne. Baada ya msimu wa 1979, ligi ilisambaratika kwa kukosa fedha.

Mnamo 1997 ligi nyingine ilizinduliwa. Iliendelea hadi 2001, ikasimamishwa, kisha ikafufuliwa 2004 kwa jina la National Pro Fastpitch, NPF. Hii ndiyo iliyodumu kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo inayoonyesha vyema jinsi hesabu za mchezo huu zilivyokuwa zikikataa kulingana.

Kwa miaka kadhaa, NPF iliweka kikomo cha dola 150,000 kwa mishahara ya timu nzima katika msimu. Timu yenye wachezaji 20 ingegawa kiasi hicho sawasawa, kila mmoja angeambulia dola 7,500, ambazo kwa viwango vya sasa vya ubadilishanaji ni chini ya Sh1 milioni. Kwa maisha ya Marekani, kiasi hicho hakitoshi hata kulipia kodi ya nyumba ya mwaka mmoja katika miji mingi.

Matokeo yake yalikuwa bayana. Wachezaji walilazimika kutafuta kazi nyingine, hasa ya kuwa makocha wasaidizi vyuoni, kutoa mafunzo ya kibinafsi kwa wasichana wadogo, au kwenda kucheza ng'ambo. Msimu nao ulibanwa ndani ya miezi ya kiangazi, kwa sababu wachezaji hao hao walihitajika kurudi kwenye ajira zao muhula ulipoanza. Msimu mfupi ukawa na mapato machache, mapato machache yakazaa mishahara duni, na mishahara duni ikalazimisha msimu uendelee kuwa mfupi.

Mwaka wa 2016 palitokea kisa kilichogonga vichwa vya habari. Timu mpya ya Scrap Yard Dawgs ya Texas ilimsajili mrushaji Monica Abbott kwa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni moja. Wengi walishangilia wakiamini kwamba enzi mpya imefika.

Ukweli wa mkataba huo ulikuwa mgumu kuliko sifa zake. Kutokana na kikomo cha mishahara, malipo ya msingi ya Abbott yalikuwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Sehemu kubwa ilitokana na marupurupu ya idadi ya mashabiki waliofika uwanjani, ambayo hayakuhesabiwa katika kikomo hicho. Kwa maneno mengine, ilibidi mmiliki wa timu atafute mwanya katika kanuni ili aweze kumlipa mchezaji bora duniani malipo yanayomstahili.

Scrap Yard ilitwaa ubingwa wa NPF 2017, kisha ikajiondoa kwenye ligi na kuendelea kama timu huru. Mnamo Juni 2020 wachezaji wake wote waliihama baada ya ujumbe wa kisiasa uliotumwa kwa jina la timu bila wao kuhusishwa. Timu iliyotegemea matakwa ya watu wachache ilivunjika kwa siku moja.

NPF yenyewe, ilipofika 2019, ilikuwa imegeuka kutegemea timu zenye uhusiano na mataifa ya kigeni, zikiwemo za China, Canada na Australia, ambazo zilikuwa zikijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki. Msimu wa 2020 na ule wa 2021 ulifutwa kutokana na janga la Covid-19, na mwaka huo wa 2021 ligi ikafungwa rasmi.

Waswahili husema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika ligi hizi zote, mishahara haikutokana na mapato ya mchezo. Ilitokana na ukarimu wa mfanyabiashara, familia, kampuni au shirika lililokuwa tayari kubeba hasara. Aliyechoka kubeba alipouweka mzigo chini, hakuna aliyebaki wa kuuinua.

Ni katika mazingira hayo ambapo Jon Patricof na Jonathan Soros walianzisha Athletes Unlimited 2020. Walikuja na mpango uliowashangaza wengi. Timu hazikuwa na wamiliki wala miji. Wachezaji walikusanyika mahali pamoja, timu zikawa zinaundwa upya kila wiki na manahodha, na kila mchezaji akawa anajikusanyia alama zake binafsi. Bingwa hakuwa timu bali mtu mmoja, na wa kwanza kuvikwa taji hilo alikuwa mrushaji mkongwe Cat Osterman.

Kiuchumi, mpango huo ulikuwa na busara yake. Mashindano ya mahali pamoja yalipunguza gharama za ndege na hoteli. Wachezaji walihakikishiwa angalau dola 10,000 kwa msimu wa wiki chache, pamoja na bonasi kulingana na alama zao. Wawekezaji walikubali faida yao iwekewe kikomo, na wachezaji wakaahidiwa sehemu ya faida ambayo ingepatikana.

Hata hivyo, mpango huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Shabiki wa kawaida hujifunga na timu, si jedwali la alama. Anataka kujua kwamba timu ya mji wake imeshinda au imeshindwa, na kwamba wiki ijayo itakuwa ile ile. Mkazi wa Chicago hawezi kurithisha mwanawe mapenzi ya timu inayovunjwa kila Jumatatu.

Isitoshe, kati ya 2022 na 2024 soko lenyewe liligawanyika baada ya ligi nyingine, Women's Professional Fastpitch, kuingia uwanjani. Wachezaji bora wakatawanyika, wadhamini wakachanganyikiwa, na watazamaji wakashindwa kujua ni wapi pa kumtafuta nyota waliyemshabikia chuoni wiki chache zilizotangulia.

AUSL ya 2025 ilikuwa jaribio la kurekebisha makosa hayo. Ilikuwa na timu nne za kudumu, yaani Bandits, Blaze, Talons na Volts, zilizocheza michezo 24 kila moja huku zikizunguka katika miji mbalimbali. Kamishna wake alikuwa Kim Ng, mwanamke wa kwanza kuwa meneja mkuu wa timu katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, alipoisimamia Miami Marlins kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2023. Talons waliibuka mabingwa Julai jijini Tuscaloosa, Alabama, baada ya kuwalaza Bandits michezo miwili bila jibu.

Jambo lililobadilisha mizani zaidi, hata hivyo, lilitokea siku chache kabla ya msimu kuanza. Mnamo Mei 29, 2025, MLB ilitangaza kwamba imewekeza katika AUSL. Mbali na fedha, ligi hiyo ya wanaume iliahidi kuitangaza softiboli kupitia runinga yake na majukwaa yake ya mtandaoni. Zaidi ya michezo 30 ilikuwa tayari imepangiwa kuonyeshwa na ESPN.

Je, hesabu sasa zinakubali? Mfano mdogo unaweza kutoa mwanga. Wachezaji 60 wakilipwa wastani wa dola 45,000, mishahara pekee hugharimu dola milioni 2.7. Timu nne zikicheza michezo 24 kila moja, ligi huwa na michezo 48 kwa jumla. Ikichukuliwa kwamba kila mchezo umevutia mashabiki 2,000, ambao takriban ndio wanaoenea katika uwanja wa Rosemont uliojengwa mahsusi kwa softiboli ya wanawake na kufunguliwa 2011, na kila shabiki ametoa dola 20, mapato ya viingilio hayafiki dola milioni mbili.

Kwa hivyo, hata viti vyote vikijaa katika mfano huo, viingilio haviwezi kulipa mishahara, sembuse makocha, waamuzi, bima, usafiri, malazi na gharama za kurusha matangazo. Hakuna ligi kubwa ya kisasa inayoishi kwa viingilio pekee. Zinaishi kwa haki za matangazo na udhamini, na hapo ndipo softiboli ya kulipwa imekuwa ikikwama.

Kwa upande mwingine, mfano huo huo unaonyesha jinsi mzigo ulivyo mdogo kwa anayeubeba sasa. Katika msimu wa 2025, mshahara wa chini kabisa wa mchezaji wa MLB ulikuwa dola 760,000 (Sh98 milioni). Wachezaji wanne wa besiboli wanaolipwa kiasi hicho cha chini kabisa hugharimu zaidi ya wachezaji wote 60 wa softiboli katika mfano uliotolewa. Kwa MLB, gharama ya kuidumisha AUSL kwa miaka 10 ni suala la nia wala si la uwezo.

Wanaounga mkono uwekezaji huo hutoa mfano wa mpira wa vikapu. Ligi ya wanawake, WNBA, ilianza kucheza 1997 ikiwa chini ya mbawa za ligi ya wanaume, NBA. Kwa miaka mingi ilihesabu hasara, timu kadhaa zikafungwa, na wachambuzi wengi wakaitabiria kifo. Lakini mlezi wake hakuitupa. Mnamo 2024, WNBA ilipata mkataba wa matangazo wa miaka 11 wenye thamani ya takriban dola bilioni 2.2, unaoanza na msimu wa 2026.

Mvumilivu hula mbivu, na funzo la WNBA ni kwamba uvumilivu huo ulihitaji miaka isiyopungua 27. Ligi za softiboli hazikuwahi kupewa hata nusu ya muda huo chini ya mlezi mmoja mwenye uwezo. Ndiyo maana kuzilaumu kwamba hazikuleta faida ni sawa na kung'oa mwembe mwaka wa tatu na kulalamika kuwa hauzai.

Lakini mfano wa WNBA una upande wake wa pili. Wachezaji wake waliopigania nyongeza ya mishahara walikuwa na chama imara, na bado mshahara wa chini kabisa katika msimu wa 2025 ulikuwa takriban dola 66,000. Ligi ya wanawake inapolelewa na ligi ya wanaume hupata uhai, lakini wakati huo huo hupoteza sehemu ya sauti yake kuhusu jinsi mapato yanavyogawanywa. Wachezaji wa softiboli wangefanya vyema kulitafakari hilo mapema, kabla ya fedha nyingi kuanza kuingia.

Kuna njia nyingine, nayo ni ya Japani. Katika nchi hiyo, timu za softiboli humilikiwa na makampuni makubwa kama Toyota, Honda na Bic Camera, na ligi yao iliyoundwa upya 2022 kwa jina la JD.League ina historia inayorudi nyuma hadi 1968. Wachezaji wengi wa Kijapani huwa waajiriwa wa makampuni hayo. Wanapostaafu kucheza, wengine hubaki na kazi. Monica Abbott mwenyewe alitumia miaka mingi ya uchezaji wake akiwa na Toyota.

Mashabiki wa voliboli nchini Kenya wataufahamu mpango huo mara moja. Kenya Pipeline, Kenya Prisons na KCB zimetawala voliboli ya wanawake kwa njia iyo hiyo, mwajiri akiwa ndiye mdhamini. Uzuri wake ni kwamba mchezaji ana kazi ya kutegemea goti likimsaliti. Ubaya wake ni kwamba timu haina mapato yake yenyewe, na hatima yake huamuliwa katika kikao cha bajeti ambacho hakihusiani na matokeo ya uwanjani. Japani imeufanya mpango huo kuwa imara kwa sababu makampuni yake hayakuuona kama hisani ya muda, bali sehemu ya sura yao mbele ya umma.

Marekani haina desturi hiyo. Mahali pa makampuni, Wamarekani waliweka vyuo vikuu. Sheria ya 1972 iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, maarufu kama Title IX, ilivilazimu vyuo kuwapa wanawake nafasi sawa katika michezo. Softiboli ikanufaika pakubwa. Vyuo vikajenga viwanja, vikatoa ufadhili wa masomo na kuajiri makocha. Kocha Patty Gasso wa Oklahoma, kwa mfano, hulipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka.

Sheria hiyo ilizaa mchezo wenye afya, lakini haikusema lolote kuhusu kitakachomfika mchezaji siku ya mahafali. ESPN hulipa dola milioni 920 katika mkataba wa miaka minane, ulioanza 2024, kwa mashindano 40 ya ubingwa wa vyuo, softiboli ikiwemo. Mamilioni wanaojifunza kumpenda mchezaji kupitia mashindano hayo humpoteza pindi anapovua jezi ya chuo.

Na wanaovua jezi hiyo ni wengi. Vyuo vya daraja la kwanza vyenye timu za softiboli vinakaribia 300, na kila mwaka mamia ya wachezaji humaliza masomo. Katika uteuzi wa kwanza wa AUSL mnamo Mei 2025, nafasi zilikuwa 12 tu, mrushaji Sam Landry akiwa wa kwanza kuchukuliwa. Wengine wote walilazimika kuchagua kati ya kuendelea kujinoa kwa matumaini na kutafuta kazi wakiwa na umri wa miaka 22, miaka kadhaa kabla ya mwili wa mwanamichezo kufikia kilele chake.

Hiyo ndiyo gharama isiyoonekana katika vitabu vya hesabu. Mchezaji anapoacha mapema, ligi hupoteza ubora, timu ya taifa hupoteza uzoefu, na msichana wa miaka 10 aliyekuwa akimwiga hupoteza mfano wa kufuata. Mshahara duni haumuumizi anayeupokea peke yake. Huufupisha umri wa mchezo wenyewe.

Inafaa pia kutahadharisha dhidi ya kudhani kwamba malipo mapya ya vyuo yatawatajirisha wote. Canady ni wa kipekee. Sehemu kubwa ya zile dola milioni 20.5 ilitarajiwa kuelekezwa kwa wachezaji wa kandanda ya Kimarekani na mpira wa vikapu wa wanaume, ambao ndio huvutia mapato makubwa. Wachezaji wengi wa softiboli wataendelea kuwa na ufadhili wa masomo na fedha kidogo juu yake.

Hata hivyo, hao wachache wanaolipwa vizuri wametosha kubadilisha mazungumzo. Mchezaji aliyezoea kulipwa mamia ya maelfu ya dola chuoni hatakubali kwa urahisi kandarasi ya dola 45,000, na huenda akaona heri abaki chuoni hadi siku ya mwisho anayoruhusiwa na kanuni. AUSL inashindana na vyuo kwa nyota wale wale ambao vyuo ndivyo vinavyowalea. Katika msimu wa kwanza, ligi ilisema kwamba aliyeshiriki pia mashindano ya nyongeza ya Agosti angeweza kufikisha hadi dola 75,000 (Sh9.7 milioni). Ni hatua, lakini hata hiyo ni sehemu ndogo tu ya alichopata Canady.

Kiangazi cha 2028 kitakuwa mtihani wa kwanza mkubwa. Softiboli iliingia katika Olimpiki jijini Atlanta 1996. Mwaka wa 2005 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipiga kura kuiondoa baada ya michezo ya Beijing ya 2008. Ilirejea Tokyo 2021, ambapo Japani iliinyamazisha Marekani 2-0 katika fainali, ikakosekana Paris 2024, na itarudi katika michezo ya Los Angeles 2028. Mechi zake zimepangiwa Oklahoma City, katika uwanja ule ule wa fainali za vyuo.

Kila mara mchezo huu uliporudi Olimpiki, fedha za maandalizi ziliongezeka na wadhamini wakajitokeza. Kila mara ulipoondolewa, fedha hizo zilikauka. NPF ilifungwa mwaka ule ule wa michezo ya Tokyo, ishara kwamba medali pekee haziwezi kuilisha ligi. Wawekezaji wa AUSL wanajua wana dirisha la miaka mitatu kuanzia 2025. Wasichokuwa na hakikisho nacho ni kitakachofuata baada ya mwenge kuzimwa.

Kwa mintarafu hiyo, mafanikio ya AUSL hayapaswi kupimwa kwa shangwe za 2028. Kuna vipimo vitatu vinavyofaa zaidi. Cha kwanza ni makao. Ligi ilitangaza kwamba katika msimu wa 2026 idadi ya timu ingeongezwa kutoka nne hadi sita, na kila moja kupewa mji au eneo lake. Uamuzi huo ni wa busara, lakini timu yenye makao huwa na uwanja wa kukodi, wafanyakazi wa kudumu na safari za kila wiki. Gharama hupanda kabla ya mapato kufuata, na hapo ndipo ligi zilizotangulia zilipoteleza.

Kipimo cha pili ni haki za matangazo. Kuonyeshwa kwenye runinga ni jambo moja, kulipwa kwa ajili ya kuonyeshwa ni jambo jingine kabisa. Siku ambapo kituo cha runinga kitaitafuta softiboli ya kulipwa na kushindana na vituo vingine kwa kutoa fedha zaidi, ndiyo siku ambapo mishahara itaacha kuwa hisani.

Cha tatu ni mshahara wa chini kabisa, wala si ule wa nyota. Historia ya mkataba wa Abbott imeonyesha kwamba kandarasi moja ya dola milioni inaweza kuvutia wanahabari bila kubadilisha maisha ya wachezaji 19 waliobaki katika chumba cha kubadilishia jezi. Ligi inayoweza kumlipa mchezaji wake wa akiba kiasi cha kuishi mwaka mzima bila kutafuta kibarua ndiyo iliyojitegemea.

Iwapo vipimo hivyo vitatimia, 2025 utakumbukwa kuwa mwaka ambapo mkondo wa fedha ulichepuliwa hatimaye ukamfikia mchezaji aliyehitimu. Visipotimia, MLB itakuwa jina jipya katika orodha ndefu ya wafadhili waliochoka, na wasichana wanaojaza uwanja wa Oklahoma City kila Juni wataendelea kufundishwa mchezo ambao unawalipa vizuri zaidi kabla ya kuwa kazi yao.